Anamtishia mama yake kummeza, kisha anakuta chakula cha moto: je, kitabu hiki kinamharibu mwanangu?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Dada yangu anaishi Marekani. Alipokuja likizo alimletea mwanangu wa miaka mitano kitabu cha picha kinachoitwa Where the Wild Things Are. Jioni namsomea kwa Kiswahili, na amekipenda mpaka jalada limeanza kuachia. Juzi bibi yake, mama mkwe wangu, alimwambia azime TV akaoge. Mtoto akamgeukia: "Bibi, nitakumeza!" Sasa nyumba haikaliki. Bibi anasema kitabu kinafundisha ufedhuli, maana mtoto anamtishia mama yake, analazwa bila kula, halafu mwisho anakuta chakula kimeandaliwa, tena cha moto, bila hata kuomba samahani. Anataka kitupwe. Mimi mwenyewe kile cha kulazwa na njaa kinanikera. Nikitupe? Na ile filamu yake, inamfaa?
(Mama wa Morogoro)

Jibu: Usikitupe, dada. Lakini pia usimwone bibi kama mtu asiyeelewa vitabu, kwa sababu hoja zake waliwahi kuzitoa watu wenye vyeo. Kitabu hiki kilitoka Marekani mwaka 1963, na mwaka 1969 mtaalamu maarufu wa saikolojia ya watoto, Bruno Bettelheim, alikishambulia katika jarida la akina mama liitwalo Ladies' Home Journal. Alisema mama ndiye mlishaji wa kwanza wa mtoto na ndiye kinga yake ya kwanza, kwa hiyo mama huyo huyo akimfungia chumbani bila chakula, mtoto anajiona ametupwa. Hoja ina uzito. Tatizo ni kwamba Bettelheim hakuwa amekisoma kitabu chenyewe. Alikuwa amesimuliwa tu. Hapo bibi amemzidi, kwani yeye angalau alikuwepo sebuleni akakisikia.

Kwa wasomaji wengine ambao hawakijui, kisa chenyewe ni kifupi sana. Kwa Kiingereza ni sentensi kumi tu. Mtoto anaitwa Max. Amevaa vazi la mbwamwitu lenye masikio na mkia, na usiku huo utundu umempanda kichwani: anagongelea msumari ukutani kwa nyundo kubwa kuliko mkono wake, anamkimbiza mbwa ngazini akiwa ameshika uma. Mama yake anamwita zimwi. Naye anajibu kwamba atamla. Basi, analazwa bila kula. Chumbani humo miti inaanza kuota, kuta zinayeyuka, bahari inatokea na mashua yake, na Max anasafiri karibu mwaka mzima mpaka nchi ya mazimwi. Mazimwi yananguruma, yanatoa kucha na meno. Max anayakodolea macho bila kupepesa, yanafyata, yanamvika taji. Anayaongoza katika vurumai kubwa, halafu anayaamuru yakalale bila kula. Akishakaa peke yake na ufalme wake anaingiwa na upweke, anasikia harufu ya chakula ikitoka mbali, anapanda mashua na kurudi. Mazimwi yanamlilia asiondoke. Chumbani kwake anakuta chakula kinamsubiri, na bado kina moto.

Sasa nikujibu lile la bibi, kwamba mtoto amefanya kosa na hakuna kilichompata.

Kimempata. Tatizo ni kwamba sisi watu wazima tunaitafuta adhabu kwenye maneno, wakati katika kitabu cha picha mambo makubwa yako kwenye picha. Leo jioni kabla hujamsomea, fungua kurasa za mwanzo ukiwa peke yako uangalie ukubwa wa picha. Ile ya kwanza ni ndogo, imezungukwa na weupe wa karatasi pande zote kama mtoto aliyebanwa kona. Kila ukifunua, picha inakua kidogo. Max akiwa amenuna chumbani, mlango umefungwa, picha imeongezeka. Miti ikiota, inaongezeka tena, mpaka inaujaza ukurasa wake na kuanza kumwagikia ukurasa wa jirani. Ikifika vurumai ya mazimwi, picha zimefunika kurasa mbili mbili, mara tatu mfululizo, bila neno hata moja. Baada ya hapo zinaanza kurudi nyuma, maneno yanapata nafasi yake tena, na ukurasa wa mwisho kabisa hauna picha. Una maneno machache tu yanayosema chakula bado ni cha moto.

Hiyo ndiyo hasira ya mtoto, kuanzia inapowaka mpaka inapozima. Maurice Sendak, aliyekiandika na kukichora, hakumwonyesha Max akichapwa wala akihubiriwa. Amemwonyesha akibebwa na ghadhabu yake mwenyewe hadi mwisho wake, na huko mwisho anakuta kwamba mtu anaweza kuwa mfalme, akatiiwa na kila aliye mbele yake, na bado akatamani kuwa pale anapopendwa. Hebu fikiria adhabu gani ya mtoto wa miaka mitano inazidi hiyo. Kunyimwa chakula kumechukua sentensi moja. Upweke wa taji ndio uliomrudisha, na amerudi kwa miguu yake. Hakuna aliyemfuata na fimbo.

Kuna kituko kimoja hapo katikati ambacho watoto wanakidaka haraka kuliko sisi. Max anapoyalaza mazimwi bila kula, anafanya kile kile alichofanyiwa na mama yake. Niliwahi kukisoma mbele ya darasa la awali, na nilipofika hapo mtoto mmoja wa kike akasema kwa sauti, kama mtu anayemshitaki mwenzake kwa mwalimu: "Anajifanya mama!" Sikuongeza kitu. Mtoto aliyeketi kwenye kiti cha mama yake kwa dakika moja, akaona kwamba kulaza mazimwi nako kunachosha, amejifunza jambo ambalo mimi na wewe tungelihutubia nusu saa na lisingemwingia.

Nije kwenye samahani. Ni kweli, Max haombi radhi. Mama naye hasemi amesamehe. Tena mama mwenyewe haonekani kwenye picha hata moja. Tunajua yupo kwa sauti yake mwanzoni na kwa sinia lake mwishoni. Kwa malezi yetu hili linakwaruza, na sishangai likimkwaruza bibi. Mtoto wa kwetu akikosa anasimamishwa mbele ya mkubwa, anaambiwa "omba msamaha," anaomba. Ni desturi nzuri na mimi naitetea. Lakini wewe na mimi tunajua ile samahani inayotoka huku macho yako kwenye TV na mguu mmoja uko mlangoni. Imesemwa, ila haijatoka popote. Sendak ameruka maneno akaenda kwenye vitendo vyenyewe. Angalia picha ya mwisho: Max amesukuma nyuma kofia ya lile vazi la mbwamwitu, nywele zake zinaonekana, uso umelegea kwa usingizi, na mezani kuna chakula. Mtoto amevua uzimwi. Mama amepakua. Ukiniuliza mimi, hapo samahani imeombwa na imepokelewa, na wote wawili hawakulazimika kufungua mdomo. Mama aliyenuna hapakui chakula cha moto.

Na huo moto una kazi yake. Ndani ya hadithi Max amekuwa safarini zaidi ya mwaka, lakini chakula hakijapoa, maana yake mama hakukaa na kinyongo hata kwa muda wa supu kupoa. Mwambie mwanao auangalie na mwezi wa dirishani: mwanzo ni mwembamba, mwisho ni mpevu. Basi zimepita dakika chache au zimepita siku nyingi? Usimjibu. Waache wabishane na baba yake.

Kuhusu mazimwi, hapa bibi ndiye mtaalamu, na ningemtumia. Yeye amekulia kwenye hadithi za zimwi. Bila shaka anakijua kile kisa cha msichana aliyesahau kombe lake ufukweni, wenzake wakakataa kumrudisha, akaenda peke yake, zimwi likamtia ndani ya ngoma na kumzungusha kijiji hadi kijiji akiimbishwa, mpaka wazazi walipoitambua sauti ya mtoto wao. Katika hadithi zetu zimwi linakaa nje ya boma na linawasubiri watoto. Kazi yake mara nyingi ni kutufanya tusiende mbali. Sendak amelihamisha: zimwi la kwanza kwenye kitabu chake ni Max mwenyewe, mama kashamwita hivyo kabla mazimwi mengine hayajaonekana. Ukitazama ukuta wa ngazini pale anapomkimbiza mbwa utaona mchoro wa zimwi uliobandikwa, na chini umeandikwa kwamba aliyeuchora ni Max. Safari nzima imetoka kichwani mwake. Ndiyo maana mazimwi yanamtii. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na haya yanamjua Max kwa sababu yeye ndiye aliyeyaumba.

Wala Sendak hakuyatoa hewani. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1928, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohamia kutoka Poland, na ndugu wengi wa ukoo waliobaki kule waliuawa na Wanazi. Jumapili nyumbani kwao walikuwa wakija mashangazi na wajomba, watu wenye meno mabovu na manyoya puani, wakimbana mashavu na kumwambia alivyo mtamu wanaweza kumla. Mama yake alikuwa mpishi wa polepole, na mtoto akakaa pale akihofia kwamba njaa ikiwazidi wageni watamla kweli. Alipokuja kukitunga kitabu hiki alikusudia kwanza kiwe cha farasi, akagundua kuchora farasi hakumudu, akawachora ndugu zake. Nadhani kila aliyewahi kupakatwa na shangazi anayesema "jamani, haka nikale!" anaielewa hofu ile na utamu wake.

Ndiyo sababu lile neno la kula linatokea mara mbili. Max analitoa kwa mama yake kwa hasira. Mwishoni mazimwi yanamwambia asiende, yatamla kwa jinsi yanavyompenda, naye anakataa. Mtoto mdogo bado hajatenganisha vizuri hasira na mapenzi. Anayemng'ata ndiye anayemkumbatia. Baadaye sana, Sendak alisimulia kuhusu mtoto mmoja aliyemwandikia barua, akamjibu kwa kadi aliyoichorea zimwi kwa mkono wake. Mama wa mtoto akaandika kushukuru: mwanawe aliipenda kadi ile hata akaila. Sendak alisema hiyo ni miongoni mwa sifa kubwa kabisa alizowahi kupata, kwa kuwa mtoto hakujali kwamba ni mchoro halisi wa mtu fulani. Aliiona, akaipenda, akaila.

Kwa hiyo mwanao alipomwambia bibi "nitakumeza," amefanya mambo mawili, na kila moja lina dawa yake. La kwanza, amecheza kitabu, na hilo si kosa. La pili, amelitumia mahali pasipofaa, kwa mtu mzima aliyemtuma kuoga, na hilo ni kosa la adabu. Usiyachanganye. Mwambie kwa sauti ya kawaida, umechuchumaa mkitazamana: maneno yale ni ya Max na mazimwi, tunayasema tukisoma, bibi akikutuma unaitika "abee, bibi" au "naam, bibi," kama mlivyozoea kwenu, unakwenda. TV inazimwa kwa jioni hiyo, kwa sababu TV ndiyo iliyomfanya ajibu. Kisha amwendee bibi. Hapo samahani ya mdomoni inahusika, na usimtafunie maneno ya kusema. Halafu yaishe.

"Yaishe" hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka, na kitabu hiki kinatushinda. Mtoto kachora ukuta saa kumi, kakemewa, kapewa kitambaa kafuta. Saa kumi na mbili mama anampigia shangazi na kumsimulia, mtoto yupo pale pale anasikia. Saa mbili usiku baba anaingia, kabla hajavua viatu kesi inafunguliwa upya: "Mwulize mwanao alichofanya leo." Kosa moja limesomewa hukumu tatu. Mtoto wa namna hiyo anajifunza kwamba kukosa hakuna mwisho, na asiyeona mwisho haoni faida ya kurekebisha. Mama wa Max amekasirika, ameadhibu, amepakua. Hatuambiwi kwamba alimngoja mtu arudi kazini amsimulie.

Lile la njaa niko upande wako kabisa. Usimlaze mtoto bila kula ili kumtia adabu, na kama bibi au mtu mwingine nyumbani ana desturi hiyo, mzungumze. Chakula si kiboko. Mtoto wa umri huo mwenye njaa hatafakari kosa lake. Anaifikiria njaa yake, na ukimzoesha kwamba sahani huja na kuondoka kulingana na tabia, unamfundisha kuiogopa sahani au kuipigania. Mwaka 1963 kwenye nyumba nyingi za Marekani kulazwa bila chakula cha jioni kulikuwa adhabu ya kawaida, ndiyo maana kimo humo, kama fimbo ilivyo kwenye vitabu vyetu vya zamani. Kama hutaki, unapofika pale mwambie tu mwanao: "Sisi hapa hatufanyi hivyo." Ataelewa. Ataona pia kwamba hata yule mama hakuweza kuishikilia adhabu yake mpaka mwisho. Binafsi naamini hilo ndilo jambo zuri kuliko yote kitabuni: mkubwa naye anaruhusiwa kupoa na kurudi nyuma bila kuona amepoteza heshima.

Usomaji wenyewe sasa, kwa sababu nahofia unakisoma kama somo. Kwenye zile picha za vurumai zisizo na maneno usiseme chochote cha maana. Simama, mnyanyue, mngurume wote. Barack Obama alipokuwa rais alikisoma kitabu hiki zaidi ya mara moja kwa watoto waliofika kwenye sherehe ya Pasaka katika uwanja wa Ikulu ya Marekani, na alinguruma mbele ya kamera bila haya; sembuse wewe sebuleni kwako. Mkimaliza kunguruma, kaeni, shusha sauti. Pale Max anaposema basi, sema "basi" ya kweli. Kwenye ukurasa wa mwisho usimuulize "umejifunza nini?" Swali hilo limewaua watoto wengi hamu ya kusoma. Kama akikaa kimya, mwache. Kama akiuliza nani kaleta chakula, mwulize yeye anadhani ni nani.

Na siku moja mpe bibi nafasi. Msomeeni kitabu akiwa amekaa, kisha mwombe awasimulie zimwi lake na ile ngoma, pamoja na wimbo wa msichana kama anaukumbuka. Sitashangaa akigundua kwamba mazimwi ya Sendak, yale yenye macho ya manjano na mmoja mwenye miguu mitupu ya binadamu, ni mapole kuliko yale aliyolelewa nayo. Mtoto akionyesha kuogopa usiku, akaanza kukojoa kitandani au kukataa kulala peke yake, kiweke kabatini miezi kadhaa bila kumtangazia. Lakini kwa anayekiomba kila jioni sioni dalili hiyo. Kwa wadogo wa chini ya miaka mitatu nisingekianza.

Filamu ni kitu kingine. Ilitoka mwaka 2009, aliyeiongoza ni Spike Jonze, na waliopanua hadithi ya sentensi kumi kuwa zaidi ya saa moja na nusu ilibidi waijaze huzuni ya watu wazima. Max wa filamu ni mkubwa kidogo, anaishi na mama yake na dada yake baba akiwa hayupo nyumbani, na anapogombana na mama anamng'ata na kukimbilia nje. Chumba hakigeuki msitu. Mazimwi yanazungumza, yanasutana, yananuniana, na mmoja anang'olewa mkono kwenye ugomvi. Si filamu mbaya, mimi niliipenda. Ila mtoto wa miaka mitano atachoka nusu ya kwanza na kulia nusu ya pili. Asubiri mpaka afike darasa la nne au la tano, na siku hiyo kaa naye muitazame pamoja.